Wimbo wa Dorcas Kershaw Usio na Sauti

Haya ninayoyaandika hamtayaamini, na mimi sigombani na mtu. Nimezoea. Nilipowaambia kwamba ujanani nilifuma kitambaa chembamba hata mke wa mchungaji alipokivaa watu wakamkimbilia na blanketi, mlicheka mkaniita Absalom Mwongo. Sawa. Lakini hili lilitokea kanisani, mchana, mbele ya kijiji kizima cha Harcroft, na mimi nilikuwa nimekaa benchi la pili sijanywa kitu. Yaani sijanywa kitu cha maana.

Habari yenyewe ni ya shemeji yangu Dorcas, mjane wa mdogo wangu Jabez.

Kabla kiwanda hakijajengwa pale mtoni, nyumba yetu ilikuwa na vitanda viwili vya kufumia huko orofani, kimoja changu, kimoja cha Jabez, chini ya yale madirisha marefu ambayo kila nyumba ya mfumaji hapa Lankashire inayo. Dorcas alikaa kati yetu akikunja nyuzi, na akiimba. Wote tuliimba. Ukifuma kwa mkono na mguu, wimbo ndio unaokushika usilale: mguu unakanyaga, mkono unarusha uzi, mdomo unafuata. Ila sisi wengine tuliimba ili kazi iende. Dorcas akiimba, kazi ndiyo iliyosimama. Mara nyingi mimi na Jabez tulijikuta tumeacha kufuma, tumekaa kama vyura wawili wanaongoja mvua, mpaka yeye mwenyewe atukemee kwamba kitambaa hakijifumi.

Jumatatu hatukufanya kazi. Ilikuwa siku ya kupumzikia uchovu wa Jumapili. Jumanne tulitafuta viatu. Ijumaa tulifuma kama watu wanaofukuzwa na mbwa, na Jumamosi tulimpelekea wakala aliyetugawia nyuzi kitambaa chake. Hakuna aliyetupigia kengele. Tulikuwa maskini, msidanganyike, lakini umaskini wenyewe ulikuwa wetu, tukiupanga tupendavyo.

Kiongozi wa waimbaji kanisani alikuwa Enoch Pilling, naye mfumaji, mtu mrefu mwenye uso wa Ijumaa Kuu mwaka mzima. Fidla yake kubwa, ile ya kusimamisha chini katikati ya magoti, aliichonga mwenyewe, na nyimbo alizitunga akiwa kazini, akiziandika kwa chaki kwenye mbao za kitanda chake cha kufumia. Mkewe akipangusa vumbi, kanisa linakosa wimbo. Huyo Enoch ndiye aliyemsimamisha Dorcas mbele ya waimbaji, kwenye roshani iliyo kando ya mimbari, akiwa msichana bado. Tangu siku hiyo hapakusimama mtu mwingine pale. Wimbo ukianza, ni Dorcas anayeanza, peke yake, na sisi tunamfuata kama kondoo wanaosikia kibuyu cha chumvi.

Halafu ikaja mitambo ya mvuke. Sitawachosha, kila mmoja wenu ana mzee wake wa kumlilia habari hizo. Nitasema tu kwamba wakala alianza kukitazama kitambaa chetu kama mtu anayenunua samaki wa juzi. Bei ikashuka, Jabez akairefusha siku. Ikashuka tena, akairefusha tena, mpaka Jumatatu yetu ikafa, na Jumapili jioni nayo ikaanza kuugua. Asubuhi tulikula uji wa shayiri, mchana tukauzungumzia, jioni tukaula tena. Majira ya baridi kifua kikamshika Jabez, akatutoka. Kitanda chake kikabaki kule orofani, kitambaa kimefika nusu.

Kiwandani walitaka wanawake na wasichana, kwa kuwa ujira wao ni mdogo na hawambishii msimamizi. Mfumaji mwenye ndevu hawakumtaka. Mimi husema niliwakataa, lakini tuseme tulikataana. Basi Dorcas akaenda, nami nikabaki na kitanda changu, na vitambaa vichache vya wakala, na sufuria. Nikajifunza kupika. Uji wangu unasimama wenyewe hata ukiondoa bakuli.

Maisha yake yakawa ya kengele. Kengele inalia giza halijaondoka, anatoka na viatu vyake vya mbao vikigonga mawe pamoja na viatu vya mtaa mzima. Ukichelewa, unakuta lango limefungwa na ujira wako umekatwa. Ukifungua dirisha upate hewa, faini. Ukiimba, faini. Hiyo ya kuimba tulicheka tulipoisikia, maana nani angekusikia? Niliingia mle mara moja kumpelekea viazi vyake, nikasimama mlangoni mwa ukumbi wa mitambo kama mtu aliyepigwa kofi. Ilikuwa kama magari yote ya farasi ya Uingereza yanapita juu ya daraja moja la mawe na daraja lenyewe haliishi. Nilimwita Dorcas kwa nguvu zangu zote, na mimi nina sauti ya kuita ng'ombe kutoka kata nyingine, na sikujisikia hata mwenyewe.

Sasa wanawake wale walifanyaje? Wanawake hawawezi kukaa kutwa bila kusema, dunia ingepasuka. Walisema kwa midomo. Hawatoi sauti kabisa, midomo tu, wanaifungua na kuikunja pole pole, kila neno linajengwa mdomoni kama tofali, na mwenzake upande wa pili wa ukumbi analisoma. Msimamizi akipita katikati yao, anapita katikati ya habari zake mwenyewe asizijue. Wakaichukua tabia hiyo mpaka nyumbani. Dorcas akirudi anakaa, ananitazama, anafungua mdomo kama mtu aliyeungua kwa kiazi, na hakuna kinachotoka.

"Shemeji," namwambia, "sauti umeiacha kwa Bwana Kiwanda?"

Anashtuka, anaileta sauti. Anasema alikuwa anaomba chumvi.

Siku moja nilivuka daraja, wanawake wawili wa kiwandani wamesimama, mmoja huku na mmoja kule, midomo inacheza, kimya kabisa. Nikawavulia kofia. Wakanijibu kwa heshima. Nilipofika nyumbani Dorcas alikwisha kupata habari, mtaa mzima ulikwisha kupata, kwamba suruali ya Absalom imepasuka nyuma na ndani hakuvaa kitu.

Lakini uchovu wenyewe sikuweza kuutania. Alirudi amejaa vumbi la pamba kwenye nyusi, akakaa, na mara nyingine usingizi ukamchukua kijiko kikiwa njiani. Mikono ilitikisika hata ikiwa imelala mapajani. Halafu masikio. Kwanza walipotea ndege. Asubuhi ya Jumapili moja aliniuliza kwa nini ndege wa mwaka huu hawaji, na mti wetu wa mlangoni ulikuwa umejaa kelele zao. Baadaye lilipotea birika; linachemka hadi linataka kuruka, yeye amekaa kando yake anapiga soksi viraka. Mwisho ikaanza kupotea fidla ya Enoch.

Hilo Dorcas alilificha. Kule kwenye roshani alijisogeza mpaka mguu wake ukaigusa ile fidla kubwa, akawa anausikia wimbo kwa muundi, mbao zinatetemeka naye anahesabu mapigo. Mapigo aliyapata. Lakini mguu haukwambii sauti iko juu au chini. Akaanza kushuka. Wimbo ulianza mahali pake, beti mbili mbele umeteleza kama gari lisilo na breki, na waimbaji nyuma yake hawajui wamfuate yeye au wafuate fidla.

Enoch akaja nyumbani. Alikaa, akakataa uji wangu, akaanza kulizungumzia jambo hilo huku ametazama kikombe.

"Nitazame ukisema, ndugu Enoch," Dorcas akamwambia.

Basi akamtazama, na ikawa vigumu zaidi. "Unashuka, dada Dorcas. Fidla iko hapa," akaonyesha ubao wa meza, "na wewe uko hapa," akaonyesha goti. Akasema Jumapili ya Mahubiri imekaribia. Hiyo ndiyo siku yetu kubwa ya mwaka, wasichana wamevaa nyeupe, watu wanatoka mabonde yote, sadaka ni ya shule ya Jumapili. Akasema ametunga wimbo mpya, na kuna wanaosema aanze Tirza, binti wa mchinjaji. Mimi nikasema sauti ya Tirza naijua, ni kama baba yake anaponoa kisu kwenye jiwe. Hakuna aliyenisikiliza.

Dorcas akamwambia ampe huo wimbo yeye. Akishuka siku hiyo, Jumapili inayofuata atakaa chini na wengine, na Tirza apande, na hatanuna. Enoch akakubali, wakapeana mikono kama wauzaji wa farasi.

Alipoondoka nikamwuliza shemeji yangu kwa nini anajitesa. Mtu amesimama wiki nzima, siku ya kukaa ikifika si akae.

"Shemeji, siku sita mimi ni mkono," akasema. "Ndivyo wanavyotuita kule. Leteni mikono miwili huku, punguzeni mikono kule. Jumapili nikisimama pale juu, watu wanasema huyo ni Dorcas. Wakinitoa pale, nitakuwa mkono mpaka Jumapili."

Nikanyamaza. Mnijuavyo, hilo peke yake lingetosha kuwa muujiza wa hadithi hii.

Wimbo akaufanyia mazoezi. Nyumbani hakuwa na nguvu. Kiwandani ndiko alikokuwa na wakati, saa baada ya saa amesimama kati ya mitambo yake miwili, macho kwenye nyuzi. Na pale angeimbaje? Kwa sauti ni faini, tena haisikiki. Akauimba kwa midomo. Kila siku, tangu kengele hadi kengele, wimbo wa Enoch ulipita mdomoni mwake mzima mzima bila kugusa koo. Wenzake upande wa pili wakausoma. Wakaupenda. Yeye akianza, wao wanamjibu kiitikio, ukumbi mzima wa wanawake wanaimba na hakuna anayesikia chochote isipokuwa chuma. Msimamizi alipita akidhani wanatafuna mkate.

Jumapili ya Mahubiri ikafika. Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Sisi wafumaji wa mkono tulikaa mbele, wazee wa nyimbo, kila mmoja ana maoni. Wanawake wa kiwandani walikaa nyuma. Dorcas alisimama kule juu na gauni lake la arusi lililotiwa rangi nyeusi, mguu ameuegemeza kwenye fidla. Enoch akavuta upinde. Sauti ya kwanza ikatoka, nzito, nzuri. Dorcas akajaza kifua, akafungua mdomo.

Hakikutoka kitu.

Nilidhani anangoja. Mdomo ulikuwa unakwenda, mpana, kila neno limejengwa, uso wake umeng'aa kama zamani za orofani, na sauti hakuna. Mzee aliyekaa kando yangu akaweka kiganja sikioni, akaniuliza kwa kunong'ona kama ni yeye aliyekuwa kiziwi au ni sisi wote. Benchi zote za mbele, viganja vikapanda masikioni. Mimi nikajisemea, shemeji yangu amekufa akiwa amesimama na mdomo bado haujapata habari.

Benchi za nyuma hakuna aliyeshtuka. Kwao wimbo ulikuwa unaimbwa kama ulivyoimbwa siku zote. Wanamtazama mdomoni, vichwa vinacheza pole pole. Na ubeti wa kwanza ulipokwisha, mahali pa kiitikio, wanawake wale wakajibu, kwa sauti, tena sauti za watu wenye masikio mazito, yaani za kubomoa. Sisi wa mbele nusura tuanguke kutoka kwenye benchi. Fikirini: wimbo mpya, hakuna aliyewafundisha, mwimbishaji hakusema neno, na kundi zima linaingia mahali pake sawasawa.

Enoch alichanganyikiwa, upinde ukamsimama mkononi. Na hapo ndipo Dorcas alipojua. Mguu ulimwambia: mbao zimeacha kutetemeka. Akamtazama Enoch. Akatutazama sisi, viganja masikioni. Akaweka mkono wake kooni, taratibu, kama mtu anayepapasa mfuko na kukuta hela haimo. Mdomo ukafungika.

Nilimwona akitazama ngazi ya kushukia. Angeshuka, hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake akaubakiza mkono pale pale kooni, ili awe na hakika, akaanza ubeti wa pili kwa sauti.

Alishuka. Siwezi kusema sauti haikushuka, watu walikuwepo. Alianza chini, akaenda chini zaidi, na sauti ilikuwa na mikwaruzo ya vumbi la pamba ndani yake. Haikuwa ile iliyotufanya vyura. Lakini ilikuwa yake, na ilikwenda hadi mwisho. Wanawake wa nyuma walimfuata huko huko chini alikokuwa, hawakujua tofauti au hawakuijali, na kwa wingi wao wakatuburuta sisi wote, mpaka Enoch Pilling, ambaye hajawahi kumfuata mtu, akasogeza vidole vyake kwenye fidla akaenda kuwatafuta walipo.

Sasa mnangoja niseme Enoch alilia akamwachia Dorcas mahali pake. Hakumwachia. Jumapili iliyofuata alisimama Tirza, na niliyoyasema kuhusu kisu nayarudisha nusu. Ahadi ilikuwa ahadi. Dorcas mwenyewe ndiye aliyempandisha ngazi yule binti na kumwonyesha pa kuweka miguu.

Njiani kurudi nilitafuta utani wa kumchekesha, sikuupata. Akasema, "Nimechoka, shemeji. Hata kusimama kwenyewe nimechoka." Hakusema zaidi, na Jumatatu kengele ikalia kama kawaida yake, akaenda.

Alihamia benchi za nyuma. Hapo akakuta jambo ambalo sisi wa mbele hatukulijua: wale wanawake walikuwa hawaambulii mahubiri hata kidogo. Masikio yao ni ya kiwandani, na mhubiri wetu ana ndevu hadi kifuani, husema kama mtu anayeogopa nzi wasimwingie, hasomeki. Miaka yote hiyo walikuja, wakakaa, wakasimama wenzao wakisimama. Lakini Dorcas amemtazama mhubiri yule ubavuni, toka kule juu, tangu usichana wake. Anajua kila unywele wa zile ndevu unakwenda wapi kwa neno gani. Basi mmoja akamgusa bega akamwuliza kwa midomo, anasema nini? Dorcas akageuka, mgongo kwa mimbari, akawaambia.

Siku hiyo mhubiri alihubiri kirefu sana juu ya kuwatii mabwana na kuvumilia. Dorcas alingoja mpaka afike mwisho, akageuka, akawapa yote kwa pumzi moja: "Anasema tuvumilie. Amevaa viatu vipya."

Benchi zote za nyuma zikatikisika kwa kicheko kisicho na sauti, na mhubiri akadhani Roho ameshuka.

Tangu hapo walimngoja. Jumapili asipofika, kwa kuwa usingizi umemshinda, wanakuja mlangoni kwangu kumwuliza, na wananiita mimi shemeji yake Dorcas, mimi ambaye zamani bonde hili lilinijua kwa jina langu. Habari zikaenea. Wakaja wanawake wa viwanda vya bonde la pili, wakaja wa bonde la tatu, benchi za nyuma zikajaa, za mbele zikabaki na sisi wazee na maoni yetu. Watu wakaanza kukaa wameipa mimbari mgongo. Mhubiri akahubiria visogo. Habari zikamfikia mwenye kiwanda mwenyewe, akasimamisha mitambo yote, akaja na gari lake la farasi wanne mpaka mlango wa kanisa, akavua kofia, akakaa chini sakafuni kumtazama Dorcas mdomoni, na wale farasi nao wakaingiza vichwa dirishani, wakanyamaza, na mmoja wao, yule mweusi, nilimwona kwa macho yangu haya, akaanza kwa midomo kumjibu kiiti—

"Shemeji," anasema Dorcas kutoka kwenye kiti chake kando ya meko, "midomo yako inacheza ukiandika. Nimekusoma tangu mwanzo. Ya Enoch ni kweli, ya ndevu ni kweli, mengine nimeyaacha yapite kwa kuwa nimechoka. Hao farasi wafute."